Supu ya Sir Mortimer

Sir Mortimer Gaskell alikaa amekufa mchana kutwa kwenye kiti chake cha kujilaza, sitaha ya daraja la kwanza, na watu wanane wakamwamkia. Hakuna aliyeshtuka. Alipokuwa hai hakuwa mtu wa kuitikia salamu, kwa hiyo siku ile walimwona yuko vile vile. Wawili walisema baadaye kwamba alikuwa mpole kidogo kuliko kawaida.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya vita, na siku ya nne tangu meli yetu, Countess Rosamund, itoke New York kurudi Southampton. Mimi nilikuwa karani wa hati mkato. Kila asubuhi nilipiga taipu habari za redio na kuzigawa sitahani, kisha nikawaandikia barua abiria waliotaka kuandikiwa. Kazi hiyo niliisomea miaka miwili katika chuo kimoja mjini Leeds, na kwenye cheti changu mwalimu aliandika kwamba Bi Enid Cawthorne ana mkono mwepesi na sauti isiyosikika.

Aliyegundua kifo ni Percy Tuckwell, mtumishi wa sitaha, alipokwenda saa kumi na moja jioni kukusanya mablanketi. Percy alikuwa na upara unaong'aa na miguu iliyopinda kidogo, na wakati wa vita alikuwa ameokolewa majini mara mbili baada ya Wajerumani kuzamisha meli alizokuwamo.

"Sir, jua limekwisha. Tukunje blanketi?"

Akasubiri jibu, kwa adabu. Halafu akavuta blanketi, na Sir Mortimer akaja nalo mzima mzima, kama ubao.

Daktari wa meli aliitwa kutoka baa. Akanusa kinywa cha marehemu, kisha akatangaza kwamba ni dawa ya usingizi, nyingi ajabu, na kwamba mtu huyu alikufa kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Kufika saa moja usiku walikuwa wamepata chupa ya matone ambayo Sir Mortimer aliitumia kulalia. Jana yake ilikuwa imejaa. Sasa ilikuwa tupu, na ilikuwa kwenye kabati la Percy, nyuma ya makopo ya chai.

Mdomo huponza kichwa, na mdomo wa Percy ulikuwa umefanya kazi yake mapema. Siku mbili kabla, Sir Mortimer alikuwa amemshtaki kwa mkuu wa watumishi kwamba humfunika blanketi kama mtu anayefunga mzigo wa samaki, akataka afukuzwe tutakapofika bandarini. Usiku ule, mbele ya mabaharia kumi na wawili wanaokula, Percy alisema, "Ipo siku nitamtilia kitu kwenye supu yake, yule mzee."

Ni lazima niseme jambo kuhusu supu. Kila siku saa tano asubuhi, kwenye meli zetu, watumishi hupita sitahani na vikombe vya supu ya nyama ya ng'ombe, ya moto, na biskuti mbili kwenye kisahani. Watu waliotoka kwenye mgao wa chakula wa miaka saba waliisubiri saa hiyo kama watoto wanaosubiri sherehe. Wengine walikuwa wamevaa glavu tayari tangu saa nne na nusu.

*

Asubuhi ya siku ya tano Bwana Brindle, mkuu wa ulinzi melini, alifungua uchunguzi katika ofisi ya kapteni. Alikuwa amewahi kuwa sajenti wa polisi huko Hull kwa miaka ishirini. Alizungumza polepole, kana kwamba kila neno analitoa ghalani. Kapteni Haverstock alikaa pembeni akitazama barometa. Mimi nilikaa kwenye kona na daftari langu.

Wa kwanza alikuwa jenerali mstaafu.

"Ulimwona Sir Mortimer jana, jenerali?"

"Saa nne na robo. Nikamwamkia."

"Akajibu?"

"Hakujibu. Nikashukuru. Juzi alinijibu."

Akaja padri mmoja kutoka Dorset, mwenye mashavu mekundu.

"Mimi nilikaa kando yake dakika arobaini," alisema. "Baada ya chakula cha mchana. Nilimweleza habari za paa la kanisa letu, tangu lilipoanza kuvuja. Sijapata msikilizaji kama yule, Bwana Brindle. Niliposema tunahitaji mchango, hakukataa."

"Alikubali?"

"Hakukataa," alisema padri, na macho yake yakalowa.

Niliandika yote hayo. Ilinijia kwamba kama kiti cha Sir Mortimer kingekuwa upande wa kulia wa meli, walikokaa Wamarekani, angegunduliwa katika dakika tano, maana wao humshika mtu bega na kumuuliza watoto wake wangapi. Lakini upande wetu haiwezekani kuzungumza hivi hivi na mtu ambaye hujatambulishwa kwake. Jenerali na padri walikuwa wametambulishwa. Bibi Hester Penhallow, ambaye kiti chake kiligusana na cha Sir Mortimer kwa siku zote nne, hakuwa ametambulishwa, na hakuwahi kusema naye neno.

Bibi Penhallow alikuwa mjane wa lodi, mwembamba, mrefu, na pua yake ilikuwa na historia ya miaka mia tatu. Alipoulizwa, alisema hakuona kitu. Alikuwa akisoma.

Kisha akaja Bwana Lionel Gaskell, mpwa wa marehemu, kijana mwenye nywele za mafuta na kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Alikuwa amelia, au alikuwa amesugua macho vizuri.

"Nilikuwa nimesimama penye reli," alisema. "Huyo mtumishi alimletea mjomba supu saa tano. Mjomba akainywa mpaka chini, akala na biskuti zake, akafuta masharubu. Baada ya hapo akalala. Nilifikiri ni usingizi tu."

"Asubuhi alikula nini?"

"Hakula. Hakujisikia kula. Nilimpandisha sitahani mwenyewe saa mbili na nusu, nikamfunika blanketi. Supu ile ndiyo kitu pekee kilichopita kinywani mwake."

Mwishowe akaletwa Percy. Usiku mmoja tu wa kufungiwa kwenye stoo ya kamba ulikuwa umemzeesha.

"Tuckwell, ulimpa supu?"

"Nilimpa, bwana. Nilimwekea kwenye mkono wa kiti. Nikasema, 'Supu, Sir.' Hakufumbua macho."

"Ukarudi saa ngapi?"

"Tano na nusu. Kikombe kitupu."

"Na biskuti?"

"Zimekwisha. Hata makombo hakuna. Nikajisemea moyoni, leo kaamka vizuri."

"Ulisema utamtilia kitu."

"Nilisema, bwana. Na mwaka arobaini na mbili nilisema nitamtupa baharini mpishi mkuu, na mpaka leo ananichomea mayai. Nimetoka majini mara mbili, Bwana Brindle. Mara ya pili nilishikilia mlango wa choo saa kumi na nne. Sikushikilia mlango wa choo ili nije ninyongwe kwa kikombe cha supu."

Kapteni aliacha kutazama barometa. Akasema, kwa huzuni ya kweli nadhani, kwamba polisi wa Southampton wamekwisha kupelekewa simu ya upepo, na watapanda melini kesho alfajiri. Kwetu wakati ule muuaji alinyongwa, na mahakama haikuwa na desturi ya kuchelewa.

Percy alipokuwa anatolewa alinitazama. "Usilie juu ya daftari, binti," alisema. "Wino utaenea."

Sikuwa nalia bado. Nilikuwa nimekwama kwenye neno moja nililoandika sasa hivi, nalo lilikuwa biskuti.

Sir Mortimer alikuwa mwenye kiwanda cha biskuti. Katika siku tatu alikuwa ameniita mara tano nimwandikie barua kwa wenye meli, na barua zote tano zilihusu biskuti za sitahani, zilizotoka kwa Hobley na Wanawe, washindani wake. Kila siku saa tano alikuwa akizitupa baharini moja baada ya nyingine, akiwaomba radhi samaki. Mtu huyo hakula biskuti zile. Basi mtu mwingine alizila. Na aliyekula biskuti ndiye aliyekunywa supu, na aliyekunywa supu alikuwa hai, kwa maana meli nzima ilikuwa na maiti mmoja tu.

"Bwana Brindle," nilisema, "biskuti…"

"Chai ni saa kumi, binti," alisema Bwana Brindle, akikusanya karatasi zake. "Vumilia kidogo."

Ningeweza kurudia. Nilikaa pale na kinywa wazi, nikamsikiliza akifunga mlango.

*

Kiti cha Sir Mortimer kilikuwa cha mwisho kwenye mstari. Upande mmoja palikuwa na ukuta. Upande wa pili palikuwa na Bibi Penhallow.

Saa kumi niligonga mlango wa chumba chake. Nilikuwa nimejiandalia sentensi, nikaifanyia mazoezi ngazi zote mbili, na alipofungua nikaisahau.

"Ndiyo?" alisema.

"Ni mimi, bibi. Karani. Naomba… nina swali kuhusu ushahidi wako."

"Nilisema nilikuwa nikisoma. Kuna herufi ngapi hapo za kukushinda?"

Lakini alinipisha. Nilipopita meli iliyumba, na droo ya meza yake ikateleza ikafunguka. Ndani palikuwa na soksi tatu za hariri, zimejaa vipande vya sukari mpaka zimesimama kama miguu ya mtu. Kando yake palikuwa na mikate midogo myeupe ya mezani, kiasi cha ishirini, na kisahani cha sabuni kilichojaa siagi.

Tukatazama droo. Bibi Penhallow akaifunga kwa goti.

"Hivyo ni vya ndege," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Nina ndege wengi."

"Bibi," nilisema, na sauti yangu ikawa ndogo kiasi kwamba akainama, "ulikunywa supu ya Sir Mortimer?"

Sijui kama nimewahi kuona uso ukibadilika hivyo. Ningemuuliza kama alimuua nadhani angekasirika tu.

"Watu wa kwetu," alisema, "hawagusi kilicho cha mtu. Mume wangu alikufa akiwa hajawahi kuazima hata mwavuli. Toka."

"Percy atanyongwa, bibi."

"Nani?"

"Mtumishi. Anayekufunika blanketi."

"Anaitwa Percy?" Akakaa kitandani. "Wanasema alitia dawa kwenye supu."

"Ikiwa ilikuwa na dawa, wewe usingekuwa hapa."

"Basi wamtafute mtu mwingine aliyeona. Kuna jenerali. Kuna padri."

"Hawakuiona, bibi. Hakuna aliyeiona isipokuwa aliyeinywa."

Nilisikia mashine za meli chini ya miguu yetu.

"Wewe ni mtoto," alisema hatimaye. "Hujui. Nyumba yangu ina vyumba thelathini na moja, na mvua inanyesha katika ishirini. Nilikula viazi na kabichi miaka saba, kwa uma wa fedha. Nikaenda kwa dada yangu New York kwa wiki tatu, nikasema moyoni, Hester, shiba, kisha rudi kwenu kama mtu. Lakini tumbo halikusikia." Akatazama droo. "Jana nilikunywa supu yangu. Yake ilikuwa pale, inatoa moshi. Robo saa nzima, mtoto, inatoa moshi. Nikamwambia, 'Samahani, bwana, hatujatambulishwa, lakini kama huna haja nayo…' Ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia. Akanyamaza. Nilifikiri kunyamaza ni kukubali. Nilimwona muungwana kuliko nilivyomdhania."

"Na biskuti?"

"Ukishavuka mto," alisema Bibi Penhallow, "huwezi kuogopa kulowa miguu."

Nikamwambia kwamba ikiwa hakujibu, na hakusogea, na supu ikanyweka mbele ya macho yake bila yeye kutukana, basi Sir Mortimer alikuwa amekwisha kufa hata kabla ya saa tano.

Alifikiri juu ya hilo.

"Yaani nilimnyang'anya maiti," alisema. "Hiyo inapunguza au inazidisha?"

"Inamtoa Percy, bibi."

"Kesho itakuwa kwenye magazeti yote. Lady Penhallow na kikombe cha jirani yake. Watasema kanisani. Mpishi wangu atasema, na yeye mwenyewe mwizi." Akasimama, akaenda kwenye kioo, akaanza kuvaa lulu zake. Kishikizo kikamshinda. Nikamfungia. "Haya," alisema. "Wako wapi, kabla sijapata akili."

*

Ofisini walikuwamo kapteni, Bwana Brindle, na Bwana Lionel, ambaye alikuwa amekaribishwa glasi ya mvinyo kwa ajili ya msiba.

"Kapteni," alisema Bibi Penhallow akiwa bado mlangoni, "nimekuja kukiri. Mimi ni mwizi."

Kapteni akasimama. "Wa nini, bibi?"

"Wa supu. Na biskuti mbili."

Akasimulia yote, amenyooka kama askari, akiangalia ukuta juu ya kichwa cha kapteni. Hakuacha kitu. Alitaja hata kwamba alifuta kikombe kwa kidole. Alipomaliza, Bwana Brindle alikuwa ameacha kalamu hewani.

"Maskini, bibi mzee amechanganyikiwa," alisema Bwana Lionel kwa upole. "Ni mshtuko. Mimi nilimwona mjomba akiinywa kwa macho yangu."

"Na biskuti?" aliuliza Bwana Brindle.

"Na biskuti."

"Hajawahi kuzila."

Wote waligeuka kutafuta nani amesema. Ilichukua muda kidogo kunipata.

"Ninazo barua zake," nilisema. Nikafungua daftari ili nisiwatazame, nikasoma: "'Biskuti hizi zimeokwa na Hobley na Wanawe, ambao nisingewaajiri kulisha kuku. Sitaweka moja kinywani mwangu maadamu ni hai, na mpwa wangu Lionel, anayesimama hapa akizitafuna kila siku, ni shahidi wangu.'"

Bwana Brindle alifikiri. Ilikuwa kama kutazama gari moshi likianza safari.

"Kwa hiyo ulijua hazili," alisema. "Lakini umesema alizila. Na hakunywa supu, ila umesema alikunywa. Uliona kikombe kitupu, basi, ukaona bahati imekujia." Akageuza ukurasa. "Saa moja asubuhi mjomba wako huletewa chai chumbani. Ulisema hakuna kilichopita kinywani mwake ila supu. Ile chai ilikwenda wapi?"

Bwana Lionel alizungusha glasi yake.

"Mtumishi wa vyumba," aliendelea Bwana Brindle, "jana aliniambia ulimpokea trei mlangoni. Mara ya kwanza tangu New York. Nikaandika, 'Kijana mwenye heshima.'" Akakata mstari juu ya maneno hayo, taratibu. "Na kabati la Tuckwell halina kufuli."

Bwana Lionel akaweka glasi mezani. Nilidhani atakana. Lakini nadhani alikuwa amechoka kumbeba mjomba wake muda mrefu kuliko siku mbili.

"Alikuwa anibadilishie wosia Southampton," alisema. "Wakili alikuwa anangoja gatini. Kiwanda chote, kila kitu, kwa chama cha wafuga njiwa. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mezani, New York, mbele ya wageni, niliulizwa kuhusu biskuti zetu, nikasema ni kavu kidogo. Kidogo. Miaka kumi na moja ya kumbebea mkoba, kwa neno moja."

"Ni kavu," alisema Bibi Penhallow. "Nilizila vita nzima. Lakini hatukumuua mtu."

Bwana Brindle akamshika Bwana Lionel mkono, wakatoka. Kapteni aliketi, akajimiminia mvinyo uliobaki wa Bwana Lionel, kisha akakumbuka na kuumwaga kwenye chungu cha maua.

"Karani ataandika ushahidi wako, bibi," alisema. "Hatutataja… tunaweza kuandika kwamba ulionja."

Nilikuwa nimeshaweka karatasi kwenye taipureta. Nilimtazama Bibi Penhallow. Ilikuwa rahisi kuandika hivyo, na moyo wangu ulitaka sana niandike hivyo.

"Mtu akionja," alisema, "wakili atasema dawa ilikuwa chini ya kikombe. Andika nilimaliza."

Nikaandika alimaliza. Akatia saini jina lake lote, na lilikuwa refu.

Ufunguo wa stoo ya kamba nilipewa mimi, kwa kuwa Bwana Brindle alikuwa na kazi nyingine. Percy alikuwa ameketi juu ya rundo la kamba, amevua koti lake jeupe la kazi na kulikunja vizuri kando, kama mtu anayemwachia mwingine. Nilimweleza kwa haraka, nikarukaruka, na ilibidi nianze upya mara mbili.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilipompelekea alikuwa ameshakufa," alisema.

"Ndiyo."

"Na nilipomuuliza mchana kama anataka mto wa kichwani."

"Ndiyo, Percy."

"Nilimsubiri anijibu dakika nzima. Nilimwambia hata samahani kwa kumsumbua." Akatikisa kichwa. "Na yule bibi, amelisema mbele ya watu? Kwa ajili yangu?"

"Mbele ya kapteni. Na ametia saini."

Alichukua koti akalivaa, akaanza kufunga vifungo, na ndipo mikono ikamkatalia. Alijaribu kifungo cha juu, kikateleza. Akajaribu tena. Mtu aliyeshikilia mlango saa kumi na nne baharini alisimama pale chini ya taa ya stoo akitazama vidole vyake, akicheka kidogo kwa aibu, huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Hebu tazama," alisema. "Tazama upuuzi huu."

Nikaweka ufunguo chini, nikamfunga vifungo, vyote sita, nikianzia cha chini.